Jino la Rangi ya Chai

Maganzo si mahali pa kuokotea jiwe ovyo. Mji huu umepakana na mgodi wa almasi wa Mwadui, huku kwetu Kishapu, na tangu Williamson, yule Mkanada, agundue almasi pale mwaka 1940, hakuna mkazi anayepita jiwe bila kuligeuza kwa kidole cha mguu. Mtoto akijikwaa akaanguka, wa kwanza kufika humwinua. Wa pili huangalia amejikwaa kwenye nini.

Mimi jiwe langu nililipata ukweni, ndani ya wali.

Lilisema kachaa! upande wa kulia, kwa nyuma, na nikajua si jiwe lililovunjika. Sasa ugenini unatema, lakini ukweni hutemi. Aliyechagua mchele alikuwa shemeji mdogo, na alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji ya kunawa. Nikitema, namwaibisha binti wa watu mbele ya baba yake. Nikalisukuma lile jiwe shavuni, na kipande cha jino nacho, nikatulia kama mtu anayetafakari mchuzi. Baba mkwe akaona ndiyo nafasi ya kuniuliza pamba ya mwaka huu imeendaje.

"Mm," nikajibu.

"Mm ya kupata au mm ya kukosa?"

Nikakohoa kwenye kiganja, kwa adabu zote, na vitu vyangu viwili vikatua humo. Ningefanikiwa kuvitia mfukoni kama asingekuwepo shemeji mkubwa, ambaye ni dalali wa mawe. Dalali wa Maganzo hata akisinzia anajua mkono gani umefumba kitu. "Shemeji, tuone." Akatoa kioo chake cha kukuzia mfukoni (analala nacho, dada yake ameniapia), akasogea kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kugeuza. Sebule nzima ikanyamaza. Wenye umri walikuwa wanakumbuka hadithi ya lile jiwe la waridi la mwaka 1947, karati 54.5, lililotoka Mwadui likaenda Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth. Mama mkwe akachungulia kutoka jikoni. Hakuna aliyeuliza hali ya mdomo wangu.

"Hili jeupe ni changarawe tu," akatoa hukumu, akalitupa nje. "Lakini hili la njano lina matumaini."

La njano lilikuwa jino.

Usiku huo nilipata ushauri wa kila aina: karafuu, maji ya chumvi, tumbaku ya kubana. Wote walikubaliana kwamba dawa hasa ya jino ni kung'oa. Huku kwetu jino likishauma linahesabiwa marehemu, na mtu akikuambia ameenda kuziba unamtazama kama aliyempeleka ng'ombe aliyekufa kwa daktari wa mifugo. Mimi sikutaka pengo. Pengo la upande wa kulia linaonekana ukicheka, na mimi hucheka zaidi upande huo.

Nikaenda Shinyanga mjini. Daktari, dada mmoja mpole mwenye mikono ya haraka, akamulika, akagonga, akasema jiwe limesingiziwa. Jino lilikuwa limeoza kwa ndani muda mrefu, limebaki ganda. Hata ubwabwa wa mtoto ungelivunja. Bahati njema kiini kilikuwa hakijafikiwa, kwa hiyo litazibika. Nichague: dawa ya rangi ya fedha, au ile inayofanana na jino lenyewe. Akanieleza, maana ni haki ya mgonjwa kujua, kwamba ile ya fedha karibu nusu ya uzito wake ni zebaki.

Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje alikaa mchimbaji kutoka Geita, shavu limevimba. Aliposikia zebaki, maumivu yakamtoka.

"Zebaki hii hii ya kunasia dhahabu?"

"Hiyo hiyo."

"Na ukiichoma inabaki nini?"

"Fedha kidogo, bati, na shaba."

Akafikiri. Kwake yeye zebaki unaikanda na unga wa mawe, unakamua kwenye kitambaa, unachoma, dhahabu inabaki. "Basi haina faida," akasema, akarudi kushika shavu. Daktari akamwambia faida ipo, jino linadumu miaka mingi, ila moshi wa kule machimboni ndio wa kuogopa. Na kwamba mataifa yalishakubaliana huko nyuma, kwenye mkataba wa Minamata wa 2013, zebaki ipungue machimboni na midomoni pia. Mchimbaji akaitikia kama mtu anayesomewa bei ya jana.

Nikachagua ya rangi ya jino. "Nyeupe kabisa, dokta, kama ya watangazaji wa televisheni." Akacheka, akatoa utepe wa vijino vya mfano, vimepangwa kwa herufi na namba, A hadi D, akanipeleka dirishani kabla mate hayajakauka, kwa sababu jino likikauka hujidai jeupe kuliko lilivyo. Akaweka kijino kimoja mdomoni, akatikisa kichwa. Cha pili, vivyo hivyo. Akaendelea kushuka kuelekea vya kahawia, na mimi nikishuka navyo moyoni. Mimi ni mtoto wa maji ya kisima. Mkoa wetu ni mmoja wa ile yenye maji ya ardhini yenye floridi nyingi. Kidogo inalinda jino, lakini ikizidi wakati meno yanaumbika, yanatoka na madoa ya chai ya rangi, na hakuna mswaki unaoyafuta. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vyetu havikuambiwa.

"Nikikuwekea nyeupe," akasema, "watu wataliona hilo moja tu."

Akanipiga ganzi, akaanza kuchimba. Katikati ya shimo, umeme ukakatika. Mashine ikalia uuu kwa kushuka, kimya. Mimi mdomo wazi. Yeye hata hakushtuka. Akawasha taa ya kichwani, akachukua kifaa chembamba cha mkono, akaendelea kukwangua. Kutoka benchini sauti ikasema, "Sasa ndiyo mchimbaji mdogo!" Daktari akaniambia nisidharau: njia ya kukwangua na kuziba kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe dunia nzima. Ningependa kumuuliza mengi, ila nilikuwa na pamba shavuni.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Asidi kidogo ya kukwaruza jino ili dawa ishike, gundi, dawa laini tabaka kwa tabaka, na kila tabaka akilimulika kwa kitochi cha mwanga wa buluu cha betri mpaka linakuwa gumu. Nikajitazama kwenye kioo, nikatafuta, sikuona alipofanya kazi. Nikalipa pesa nyingi kwa kitu kisichoonekana.

Nikiwa kwenye basi la kurudi nyumbani Mhunze, ganzi bado imenishika mdomo na nusu ya ulimi, mama mkwe akapiga simu.

"Fwikamoo mama," nikasema. "Nafoka fehemu, nakuja."

Simu ikakatwa. Nilipofika nyumbani kikao kilikuwa kimeshakaa: mkwe wetu siku hizi anakunywa, tena mchana. Ganzi ilikuwa imekwisha, nikazungumza vizuri, ndiyo wakasema nimejikaza. Nikawaambia nimetoka kuziba jino. Baba mkwe akaniamuru nifungue mdomo. Akamulika kwa tochi ya simu, mke wangu naye akamulika, akaja shemeji na kioo chake cha kukuzia. Walikagua kila jino. "Yote ni yale yale," akatangaza dalali. "Hapa hapajaguswa."

Nikatoa risiti. Ilikuwa ya kuandikwa kwa mkono, kwa mwandiko wa daktari. Baba mkwe akavaa miwani, akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hii," akauliza, "ni ya baa gani?"