Ya Moto au ya Baridi?

Mimi nikisema napumzika, maana yake nakaa. Mke wangu akisema tupumzike, maana yake tutembee. Ndiyo maana Jumamosi, saa tatu asubuhi, tukiwa Bagamoyo kwa mapumziko ya siku mbili, nilijikuta mchangani, suruali nimeikunja hadi magotini, tunaelekea Kaole. Kilomita kama 5. Kwa miguu! Na bodaboda wapo tele, wananiita, "Mzee, twende!"

"Tumekuja kutembea, baba watoto," akasema.

Nakiri mwanzo haukuwa mbaya. Ilikuwa bamvua, maji yamekauka mpaka kule, mashua zimelala ubavu kama wazee baada ya pilau. Tukamwamkia mvuvi mmoja aliyekuwa akikalafati chombo chake. Akaitikia huku anaangalia miguu yetu.

"Marahaba. Mrudi kabla ya saa saba. Yakianza kujaa hayamngoji mtu."

Magofu ya Kaole yana msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya matumbawe. Mke wangu alisoma kila kibao, vingine mara mbili. Mimi nilishika jambo moja tu: hapa zamani palikuwa bandari, mikoko na tope vikaiziba, biashara ikahamia Bagamoyo. Likaingia sikio hili, likatokea lile.

Likarudi saa nane, tukiwa njiani, bahari imetusukuma ndani ya mikoko hiyohiyo. Tope likaimeza kandambili yangu ya kushoto bila hata kucheua. Hapo nikawaelewa watu wa Kaole. Wao walihama na bandari nzima. Mimi nimenyimwa bodaboda.

Nikamkumbuka na Livingstone. Alifikishwa Bagamoyo mwaka 1874, amebebwa na watumishi wake, kina Chuma na Susi, kutoka Zambia ya leo. Alikuwa maiti, najua, lakini kubebwa ni kubebwa.

Saa kumi na moja nikajitupa kwenye kiti cha plastiki cha baa moja ya ufukweni, mguu mmoja peku. Safari pekee niliyoitamani tangu asubuhi ni ile ya kwenye chupa, nusu lita. Mke wangu, dafu mkononi, alikuwa ameshaanza kuulizia kesho maji yanakauka saa ngapi.

"Ya moto au ya baridi, anko?" mhudumu akauliza.

"Ya baridi, mwanangu. Baridi sana. Ile inayotoka jasho."

Akaileta. Nikaishika. Ilikuwa na joto la uji wa mgonjwa.

"Mwanangu, hii si ya moto?"

"Friji imekufa tangu juzi, anko."

"Sasa uliniuliza ya nini?"

"Mteja lazima aulizwe."

Nikainywa. Ya pili niliagiza ya moto, angalau nami nipate nilichoomba.