Filimbi ya Mwayalandi Kitongojini

Kijitabu cha mafunzo kilichokuja na filimbi zangu kina kurasa za midomo, za vidole, za pumzi, na ukurasa mzima wa namna ya kukaa mgongo wima. Kuhusu majirani hakina hata mstari. Aliyekiandika bila shaka anaishi peke yake, au huko Ayalandi watu wameshakata tamaa. Kule Ngara nilikokuwa nafundisha, nyumba na nyumba zinatenganishwa na migomba, na mgomba hauzuii sauti hata kidogo.

Filimbi zenyewe ni mbili, nilizirithi kwa baba mdogo. Yeye alikuwa dereva wa shirika moja la misaada miaka ile ya wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco, hukohuko Ngara, ikageuka jiji la maturubai. Nyuma yao wakaja wafanyakazi wa misaada wa kila taifa, Waayalandi wakiwamo. Mmoja wao, fundi wa maji, alipoondoka alimwachia baba mdogo sanduku lenye buti za mvua, tochi isiyowaka na filimbi hizo. Buti zilivaliwa zikaisha. Tochi ilipata mnunuzi, sijui alikuwa na mipango gani. Filimbi hazikuulizwa na mtu.

Ya kwanza ni ya bati, ina matundu sita mbele na nyuma haina kitu. Ukiziba yote unapata do; ukiachia moja moja kutoka chini unapanda ngazi mpaka ti; ukiziba tena na kuongeza pumzi kidogo unapata do ya juu. Mwanakwaya yeyote anaielewa kabla chai haijapoa. Mwingereza mmoja, Robert Clarke, alianza kuzitengeneza kwa bati mwaka 1843, na kwa kuwa bei ilikuwa ndogo Waayalandi wakazinunua, wakazifanya zao, na leo ukizitaja Waingereza hakuna anayewakumbuka.

Ya pili ni ya mbao nyeusi, vipande vitatu vyenye pete za fedha, na hiyo unaipuliza ukiwa umeilaza ubavu. Mbao yenyewe ni mpingo. Ndiyo, mpingo huuhuu wa Kilwa, Lindi na Mtwara, mti wa vinyago, unaochukua miaka sabini hadi mia kukomaa na ambao ukitiwa majini unazama. Baba mdogo alinithibitishia hilo kwa kutumbukiza kipande kimoja ndani ya ndoo ya maji ya kunywa. Kilizama. Mama mdogo akamkabidhi ndoo ile na kumwonyesha njia ya kisimani.

Filimbi za mbao za namna hii Ulaya zilikuwa za mabwana wa okestra. Mwaka 1847 Mjerumani Theobald Boehm akaleta filimbi ya metali yenye vifuniko, mabwana wakahamia huko, na zile za zamani zikauzwa kwa bei ya mtumba. Wapiga muziki wa vijijini Ayalandi wakazidaka. Kwa hiyo muziki wanaojivunia umesimama juu ya mitumba, jambo linalonifanya nijisikie nyumbani kabisa, maana hata shati nililovaa ninapoandika haya lilitoka kwenye robota.

Shida ilianza usiku. Mama mwenye nyumba aliniambia kwa upole kwamba mluzi wa usiku huita nyoka. Nikamjibu kwamba huu si mluzi, ni filimbi. Akaniuliza kama nyoka amesomea tofauti hiyo. Tangu siku hiyo, kila nilipotoa filimbi, yeye alimwaga majivu na mafuta ya taa kizingitini. Siku moja wapasua kuni wakaua nyoka kwenye migomba, umbali wa shamba zima kutoka kwangu. Mama hakusema neno. Alinitazama tu, akaongeza majivu.

Lakini nyoka si kitu ukimlinganisha na sungusungu. Ilikuwa Julai, kiangazi, baridi ya vilimani imekaza, na wezi wa mbuzi walikuwa wamepita wiki ile. Kitongojini kwetu filimbi usiku ina maana moja tu. Nilikuwa nahangaika na ile do ya juu, ambayo kwenye bati haitoki kwa adabu. Inapasuka na kwenda mpaka ng'ambo ya bonde. Haukupita muda, ua ukajaa watu wenye rungu, mapanga na tochi za simu. Balozi wetu alifika na kiatu kimoja.

"Yuko wapi?"

"Nani, mzee?"

"Mwizi!"

"Hakuna mwizi. Najifunza."

Pakawa kimya. Mbwa wenyewe walikaa chini. Kisha kijana mmoja akatoa hoja kwamba, kwa kuwa watu wameshatoka vitandani, na baridi ndiyo hii, pengine mwalimu apigwe kidogo tu ili safari isiwe bure. Hoja ilikosa wa kuiunga mkono kwa nafasi finyu sana.

Kesho yake kikao kikaitishwa. Nimeona mwenyewe maneno kwenye daftari la kitongoji: mwalimu aruhusiwe kupuliza kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, isipokuwa penye msiba. Mama mmoja akanyoosha mkono: mwizi akija saa kumi na moja, tutamjuaje? Wakajadiliana mpaka chai ikapoa, wakaafikiana kwamba filimbi ndefu iliyonyooka ni ya mwizi, na ile inayokatikakatika ni ya mwalimu. Hawakujua walilonitendea. Wapigaji wa Ayalandi hawarudii sauti kwa kuisukuma kwa ulimi kila mara. Wanaikata kwa kugusa tundu na kidole kwa kufumba na kufumbua, na wanafunzi wao huchukua muda mrefu kulizoea hilo. Mimi nililizoea upesi. Nilikuwa na sababu, na sababu zilikuwa na rungu.

Mtu pekee ambaye hakulalamika ni mzee mmoja mfugaji, njia ya Rulenge, anayepuliza umwironge. Huo ni mrefu, wa shina lililotolewa kiini, una matundu machache upande wa chini, na Warundi wa ng'ambo wanaujua kwa jina hilohilo. Si ala ya harusini. Mchungaji anaupuliza peke yake, na wasikilizaji ni ng'ombe. Nilimpa filimbi yangu ya bati. Akaipuliza mara moja, akanirudishia.

"Hii inapuliza yenyewe," akasema. "Wewe kazi yako ni nini?"

Alikuwa sahihi. Filimbi ya bati ina kijia kwenye kinywa chake kinachopeleka pumzi moja kwa moja kwenye ukingo, pumzi inapasuka hapo, sauti inazaliwa. Hata mtoto akipuliza, italia. Umwironge hauna mdomo wa msaada. Kijia hicho ni midomo yako, na ukikosea kwa unywele unatoa upepo mtupu. Nilipuliza mpaka nikaona nyota mchana. Ng'ombe mmoja aliacha kula, akanitazama.

"Usimjali," akasema mzee. "Anadhani ni mimi ninayeumwa."

Kuhusu utunzaji, mzee hana kijitabu. Anasuuza umwironge kwa maji kabla ya kuupuliza, anaukung'uta, jioni anauchomeka darini juu ya jiko, ambako moshi unafukuza wadudu. Mpingo wangu ulitaka makuu zaidi. Mbao hiyo ikikaa kiangazini bila mafuta hupasuka, na kijitabu kinaagiza mafuta ya lozi. Dukani nilipoulizia, nilipewa mafuta ya nywele yenye picha ya lozi kwenye kopo. Wakati nasitasita, baba mdogo akaamua kunisaidia: akaisiliba filimbi yote kwa mawese ya Kigoma, ndani na nje, kwa moyo mkunjufu. Asubuhi sisimizi walikuwa wamepanga mstari kuanzia dirishani, wanaingia kwa tundu la kwanza na kutoka kwa la sita. Panya naye alipitia viungio akala uzi wote tuliozungushia ili vipande vikazane. Juma lile nilifundisha hesabu nikiwa na midomo myekundu, na darasa la nne halikusahau.

Filimbi ya bati nayo ina ugonjwa wake: mate. Pumzi ya moto ikikutana na kijia cha baridi inafanya matone, tone likiziba hapo sauti inakwama. Dawa ni sabuni kidogo sana iliyoyeyushwa, ipite kwenye kijia na ikauke. Maji hayatajikusanya tena, yatatandazika. Nilimweleza hivyo mwanafunzi wangu mmoja mwerevu asubuhi ya mahafali ya darasa la saba. Neno "kidogo" halikumfikia. Nilipopanda jukwaani mbele ya mgeni rasmi na kuanza, yakatoka mapovu. Makubwa, yenye rangi zote, yakapaa juu ya meza kuu, moja likatua kwenye kipara cha mjumbe wa kamati likakaa pale kwa heshima. Watoto walishangilia kuliko walivyowahi kushangilia wimbo wowote. Mgeni rasmi kwenye hotuba yake akaipongeza shule kwa ubunifu.

Huwa nawaza kwamba Waayalandi wenyewe waliona taabu hizi ndipo wakabuni zumari lao la mfuko, lile ambalo UNESCO ililiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017. Halipulizwi kwa mdomo kabisa. Hewa inatoka kwenye mivukuto unayobana kwa kiwiko. Hakuna mate, na mdomo unabaki huru kuwajibu majirani.

Mwaka juzi nikahamishiwa Biharamulo. Filimbi ya mpingo niliitia ndani ya soksi, nikapanda Hiace. Njia ile ya msituni zamani magari yalisindikizwa na polisi kwa sababu ya majambazi, na siku hizi vizuizi bado vipo. Baada ya Nyakahura, bwana mmoja aliyekuwa akikagua magunia ya mkaa akapapasa begi langu.

"Hili bomba ni la nini?"

"Filimbi, mkuu."

Abiria wawili walishahama kiti. Nikaiunganisha vipande vyote mbele yake. Akaikwaruza kwa ukucha, uso ukambadilika. "Mwalimu, huu si mpingo huu?"

"Ndiyo wenyewe."

"Kibali cha kusafirisha mazao ya misitu?"

"Mkuu, mpingo huu umetoka Ulaya."

Gari zima likaangua kicheko. "Mpingo umetoka Ulaya," akarudia polepole. "Na mihogo je, inatoka Uarabuni?"

"Apige tuondoke, jua linazama," akasema konda.

Nikapiga. Bibi wa kiti cha nyuma akauliza kama sina japo ya kwaya, nikampigia nayo. Bwana yule alisikiliza mpaka mwisho, akanirudishia soksi yangu. "Haya, nendeni. Lakini kwa sheria, mwalimu, hiyo ni mbao."

Konda naye alikuwa na masikio. Hata Lusahunga hatujafika, alinidai nauli ya mzigo: mbao, futi mbili.