Mwongozo wa Mvivu Anayetaka Kuitwa Mkemia

Wewe unayesoma kemia pale Nyarugenge, kwenye koleji ya sayansi na teknolojia ya Chuo Kikuu cha Rwanda, sogea karibu. Ripoti ya maabara inatakiwa kesho asubuhi, jedwali la elementi limechanika kwenye kona ya klorini, na kikokotoo umemwazima mwenzako ambaye hapokei simu. Unataka jibu sahihi, unataka kulala mapema, na zaidi ya yote unataka mhadhiri aamini kwamba mizani inaweza kuachwa mikononi mwako. Yote matatu yanawezekana usiku huu huu.

1. Acha kujumlisha kwa mkono.

Hakuna maksi za jasho. Molekuli moja ya kwinini ina atomi 48. Ukizijumlisha saa sita za usiku utapata majibu matatu, kisha utachagua linalopendeza macho. Uzito wa molekuli ni kuzidisha na kujumlisha tu, kazi ambayo kompyuta kuukuu ya mtumba inaifanya bila kukosea. Iachie. Akili yako itunze kwa hatua ya tano, maana huko itahitajika yote.

2. Usiibe kinachogawiwa bure.

Najua kuna flashi inayozunguka bwenini, yenye programu ghali ya kuchorea molekuli iliyovunjwa kufuli, na virusi vyake ndani. Irudishe ilikotoka. Kalzium, ya mradi wa KDE, ni jedwali la elementi lenye kikokotoo cha uzito: andika fomula, pata namba. Avogadro inakuruhusu kuichora molekuli, kuizungusha mbele ya marafiki, na kusoma uzito wake hapo hapo. Open Babel na RDKit ni za wale wasioogopa kuandika amri. Zinakokotoa molekuli elfu moja kabla hujamaliza chai. Kwa Windows kuna Molecular Weight Calculator ya Matthew Monroe, ndogo, nyepesi, na inakupa pia asilimia ya kila elementi.

Hizi nilizotaja huna haja ya kuzilipia, na Kalzium, Avogadro, Open Babel na RDKit ni programu huria: leseni zake zinakuruhusu kunakili na kugawa. Pakua mara moja mahali penye intaneti nzuri, weka kwenye flashi safi, wagawie darasa zima. Zikishaingia kwenye kompyuta hazihitaji megabaiti hata moja. Na utajulikana kama mtu mwenye programu, cheo kizuri sana katika mwaka wa pili.

3. Heshimu herufi kubwa.

Hapa ndipo wavivu wengi wanaponaswa, nami sitaki unaswe. Andika Co, na programu itakupa kobalti, 58.93. Andika CO, itakupa kaboni monoksidi, 28.01. Herufi ni zile zile mbili. Ni ukubwa tu uliobadilika. Hf ni hafniamu, 178.49, HF ni gesi ya kuunguza yenye uzito wa 20.01. Kompyuta haiulizi ulikusudia nini.

Kuna mtego wa pili, mkubwa kuliko huo. Programu nyingine husoma fomula, na nyingine husoma SMILES, ile lugha ya kuiandika molekuli kwa mstari mmoja, ambamo haidrojeni huachwa zijijaze zenyewe. Kwa SMILES, CCO ni ethanoli, 46.07. Ubandike mstari huo huo kwenye kikokotoo cha fomula, kitahesabu kaboni mbili na oksijeni moja, na kukuletea 40.02. Haidrojeni sita zimepotea na hakuna onyo lolote. Hata ile CO ya juu, ukiipeleka kwa RDKit inageuka methanoli, 32.04. Basi kabla ya kubandika chochote, jua kisanduku kinasoma lugha gani. Kipime kwa maji: andika H2O, na ikija 18.015 uko kwenye fomula.

4. Usidharau mabano.

Kalsiamu naitreti ni Ca(NO3)2, 164.09. Ukiruka mabano kwa haraka ukaandika CaNO32, mashine itakuhesabia oksijeni 32 na kukupa 566.05 kwa utulivu kamili.

5. Soma chupa.

Sasa amka. Programu inajua uzito wa ulichoandika. Haijui kilichomo kwenye chupa yako, na hakuna toleo jipya litakaloijulisha. Kazi hii ni yako peke yako, na kwangu mimi ndiyo inayomtenganisha mkemia na mpiga chapa.

Chukua mrututu. Fomula uliyoikariri ni CuSO4, na uzito wake ni 159.60. Lakini ule wa bluu uliopo kabatini umebeba molekuli tano za maji, na uzito wake ni 249.68. Ukitakiwa kutengeneza lita moja ya myeyusho wa moli 0.1, unahitaji gramu 24.97. Ukitumia namba ya kichwani utapima gramu 15.96, myeyusho utatoka na moli 0.064, na kila jaribio litakalofuata litakuwa na kasoro ambayo utaitafuta kwenye bureti, kwenye maji, kwa mwenzako, kila mahali isipokuwa kwenye lebo. Rangi yenyewe ilikuwa inakuambia: mrututu mkavu ni mweupe.

Au chukua kwinini, dawa ambayo kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu, ng'ambo ya Kivu, kilijulikana kwa kuitengeneza kutoka magome ya mti wa sinkona. Kwinini yenyewe ni 324.42. Ile ya sindano mara nyingi ni chumvi yake, kwinini dihaidrokloridi, 397.34. Katika gramu 10 za chumvi hiyo, kwinini ni gramu 8.16 tu. Kwenye daftari tofauti hiyo ni maksi mbili; kwa mgonjwa ni karibu sehemu ya tano ya dozi. Ndiyo maana hapa sitakuruhusu njia ya mkato yoyote.

Asidi haidrokloriki ya chupa? Kwa kawaida ni asilimia 37, iliyobaki ni maji. Kostiki soda iliyoachwa wazi wakati wa mvua za Aprili? Imeshakunywa unyevu wa hewa, na gramu 40 ulizopima si moli moja tena. Soma lebo, tafuta nukta inayotangulia H2O, tazama kiwango cha usafi. Dakika moja inatosha.

6. Punguza desimali.

Programu itakumwagia tarakimu nyingi, nawe utatamani kuzinakili zote, kwa sababu desimali zinaonekana kama elimu. Zikate. Kwa uamuzi wa mwaka 2009, IUPAC, umoja wa kimataifa wa kemia, huandika uzito wa kaboni kama namba iliyo kati ya 12.0096 na 12.0116, kwa sababu mchanganyiko wa isotopu zake hutegemea kaboni imetoka wapi. Kwinini ina kaboni 20. Tofauti hiyo peke yake inafika 0.04. Anayeandika 324.4240 anadai kujua kitu ambacho mti wenyewe haujaamua. Andika 324.42. Mkemia mzoefu akiona umejizuia, atakuheshimu zaidi.

Ila ukiwa mbele ya mashine ya kupima masi, iweke namba hiyo kando. Mashine ile haioni wastani, inaona molekuli moja moja. Hapo tumia masi ya isotopu zilizo nyingi zaidi, 324.184 kwa kwinini, na kwa kuwa mara nyingi molekuli huingia imebeba protoni, tafuta kilele kwenye 325.19. Open Babel huzitoa namba zote mbili; anayechukua ya kwanza bila kutazama jina lake anaweza kukesha akisaka kilele ambacho hakipo.

7. Ukijitengenezea jedwali lako, angalia mkato.

Huenda kompyuta unayotumia imewekwa kwa Kifaransa. Ukiandika 12.011 kwenye LibreOffice ya namna hiyo, inaweza kuichukulia kama maandishi, kwa sababu yenyewe inasubiri 12,011. Jumla itaruka seli hiyo kimya kimya. Badilisha lugha ya namba kwanza.

8. Kisha nenda ukajitambe, lakini kwa jambo la maana.

Usijitambe kwa glukosi. Jitambe kwa madini, maana Kigali ni mji wa wanunuzi wa madini na kila familia ina mjomba anayeyaongelea. Kasiteriti safi ni SnO2, 150.71, bati ndani yake ni asilimia 78.77, basi. Mtu akimwambia mjomba kwamba kasiteriti yake ina bati asilimia 85, mjomba asitoe pochi. Koltani nayo huuzwa kwa kutaja asilimia ya Ta2O5, ambayo ni oksidi. Tantalamu yenyewe ni asilimia 81.9 ya oksidi hiyo. Kwa hiyo mzigo wa asilimia 30 ya Ta2O5 una tantalamu asilimia 24.6. Ni hesabu ya sekunde tano kwenye programu ya bure, na mezani kwa mjomba itakupatia heshima kuliko shahada.

9. Jiandae kuulizwa.

Mhadhiri ataweka kidole kwenye 249.68 na kusema, "Hii umeipataje?" Usianze kujieleza kwamba ulikuwa unajua kujumlisha. Mwonyeshe mistari mitatu uliyoandika chini ya ripoti: fomula kamili pamoja na maji yake, kiwango cha usafi kama kilivyo kwenye lebo, jina la programu na namba ya toleo lake. Akiuliza programu hiyo inauzwa bei gani, mpe flashi.