Guangzhou Hakukauki Kitu

Wakala wa mizigo anayeishi Guangzhou ana misimu miwili ya kula na mmoja wa kutazama dari. Maonyesho makubwa ya biashara ya mji huu, yaliyoanza mwaka 1957, hufanyika mara mbili kwa mwaka: kuanzia Aprili, kisha kuanzia Oktoba. Siku hizo simu hailali. Huyu yuko uwanja wa ndege hajui pa kufikia, yule kiwanda kimempa taa za buluu badala ya nyeupe, mwingine anataka kontena lifungwe kabla mzigo wake haujafika ghalani. Ikifika katikati ya Mei wateja wameshatawanyika, wamerudi Kariakoo, Kamukunji na Kampala, na sisi tunaobaki tunaachiwa joto. Wenzangu wa mtaa wa Xiaobei hulimaliza kwa karata na soga. Mimi nilinunua boksi la rangi za maji, nikaanza kuchora maua ya bustani.

Waliocheka walicheka, lakini mji wenyewe ndio ulionishawishi. Wenyeji wanauita mji wa maua, na ushahidi uko barabarani. Bogonvilia zimepandwa kwenye kingo za madaraja ya juu na vivuko vya waenda kwa miguu. Zikichanua, malori ya kontena hupita chini ya pazia la zambarau. Tropiki ya Kansa iko jirani, kwa hiyo mengi yanayoota Tanga yanaota na huku. Nyuma ya jengo ninalopanga kuna bustani yenye asumini, bogonvilia na msanapichi mkubwa. Hata mkrismasi upo, mti wa Madagaska uliosambaa nusu ya dunia. Kwetu huwaka Desemba. Huku, kwa kuwa tuko ng'ambo ya ikweta na majira yamegeuka, huwaka Mei na Juni. Nilimtumia mama picha ya mmoja uliochanua wote. Akanijibu kwa sauti: "Mwanangu, hata miezi umeisahau? Au huko mmeanza kunywa?"

Tuanze na maji, maana ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Uchoraji wa rangi za maji una sharti moja kubwa: tabaka la kwanza likauke, ndipo uweke la pili juu yake. Ukikosa subira, rangi zinaingiliana na ua linageuka tope. Aliyeweka sharti hilo hakuwahi kupanga chumba Guangzhou. Hapa mvua ni kama milimita 1,800 kwa mwaka, nyingi yake ikishuka kati ya Aprili na Septemba, na hata siku jua linapowaka, hewa imejaa maji. Taulo la jana bado limelowa. Chumvi haitoki kwenye kichupa. Viatu vya ngozi vimeota ukungu wa kijani humo humo kabatini, navyo vinapendeza kuliko michoro yangu.

Asubuhi moja nilipaka tabaka la kwanza la bogonvilia, nikaenda ghalani kupima mzigo, nikarudi alasiri: bado linang'aa. Nikaligusa kwa ncha ya kidole. Rangi ikahamia kidoleni, kidole kikapokea simu, simu ikaegemea shavu, nami nikatoka kwenda kuonana na mwenye kiwanda cha masufuria bila kujua nimebeba nini usoni. Yule bwana hakuondoa macho kwenye shavu langu muda wote wa kuvutana bei. Mwishowe akapunguza, tena bila ule mchezo wa kunyang'anyana kikokotoo. Nadhani aliona anafanya biashara na mgonjwa.

Kilichoniuma zaidi ni wazee wa bustani ya ziwa la Liuhua. Asubuhi hukusanyika na brashi za mpini mrefu zenye ncha ya sponji, wakazichovya kwenye ndoo ya maji matupu na kuandika herufi kubwa kubwa juu ya sakafu ya mawe. Hawatumii wino. Herufi inang'aa, wapita njia wanasifu, na kabla mstari haujafika mwisho, mwanzo wake umeshatoweka. Mji uleule, maji yaleyale. Yao yanakauka papo hapo, yangu yanalala mpaka kesho. Sababu yake inajulikana: jiwe limeshinda juani, karatasi yangu iko kivulini juu ya ubao. Lakini kujua sababu hakupozi wivu. Nilimlalamikia mzee mmoja kwa Kichina changu cha sokoni. Akanitazama, akaitazama karatasi, akasema, "Chora kwenye jiwe."

Karatasi nayo ina vituko vyake. Ile ya kienyeji, xuan, ambayo asili yake ni jimbo la Anhui, huuzwa ya aina mbili: mbichi, na ile wanayoiita iliyoiva, yaani iliyopakwa maji ya shabu na gundi ili isinywe rangi upesi. Muuzaji alinipa mbichi kwa heshima, akisema ndiyo wanayotumia mabingwa. Niligusisha ncha ya brashi. Nukta ikafika ukubwa wa ushanga, ukatoka ushanga ukaja ukubwa wa kifungo cha shati, kikatoka kifungo kikaja kisosi, nami nimeshika brashi hewani sijafanya lolote. Punde bogonvilia yangu ilikuwa imemaliza karatasi na inachora meza.

Nikaamua kushuka bustanini, angalau kuna upepo. Chumbani hewa haitoshi. Bustanini watu wanatosha hadi wanazidi. Wastaafu wa Guangzhou hawana haya ya kumfundisha mtu wasiyemjua. Mzee mmoja alinisogelea akaniambia ninachokichora si ua: sehemu ya zambarau ya bogonvilia ni majani, na ua lenyewe ni kile kitu kidogo cheupe katikati. Wataalamu wa mimea wako upande wake. Bibi mmoja akaitwaa brashi mkononi mwangu kwa upole usiokatalika, akachora jani kwa mipigo mitatu, akanirudishia. Watu wakatoa simu wakapiga picha. Mmoja akaniomba nisogeze kiwiko, kinaziba jani.

Bibi huyo huyo ndiye aliyeniletea chai. Wakanton wana chai yao ya mitishamba ya kupoza mwili, nyeusi, chungu, ambayo mwaka 2006 China iliiingiza kwenye orodha ya taifa ya turathi zisizoshikika. Kikombe chake kilikuwa cha plastiki. Kikombe changu cha kuoshea brashi kilikuwa cha plastiki. Vyote viwili vilikuwa na maji meusi, na bibi aliviweka bega kwa bega. Nilikunywa, nikakunja uso, nikamshukuru. Akasema, "Hiyo siyo." Nikanywa cha pili, nikatamani kile cha kwanza.

Chai nyingine huku hutengenezwa kwa maua matano yaliyokaushwa, na mara nyingi moja kati ya hayo ni ua la msanapichi. Huko pwani kwetu msanapichi tunaukuta sana penye makaburi, kwa hiyo nilipomweleza mama kwamba watu wanakunywa maua yake alikata simu. Mimi swali langu lilikuwa jingine: wanayakaushaje? Hakuna aliyenijibu.

Na ni kwenye ua la msanapichi nilipopata sifa yangu ya pekee. Nilikuwa nimelichora vizuri, petali tano zimejikunja upande mmoja, njano imekaa kooni inapotakiwa. Rangi ikiwa mbichi, mbu akatua. Mbu wa Guangzhou hana papara. Alitua katikati, akazama, akanata. Nilipojaribu kumtoa kwa ncha ya brashi, bawa likaja, mwili ukabaki. Bibi akainama, akavaa miwani. "Ua ni la mwanafunzi," akasema. "Lakini huyu mdudu ni wa fundi." Kisha akanielekeza niende kwa Ju Lian.

Ju Lian alizaliwa 1828 na kufariki 1904. Aliishi kijiji cha Geshan, ambacho leo kimemezwa na wilaya ya Haizhu, katika bustani aliyoiita ya Manukato Kumi. Asumini zilikuwamo, na siku hizi mahali hapo ni makumbusho. Alichora maua na wadudu, panzi, vipepeo na nyuki, na akawa na mbinu iliyompa jina: rangi ikiwa bado mbichi, anadondoshea maji au unga mweupe, rangi inasukumwa pembeni na kuacha mwanga katikati na ukingo mkali. Alikuwa mwalimu wa Gao Jianfu na Chen Shuren, waliokuja kuwa miongoni mwa waasisi wa mkondo wa uchoraji wa Lingnan. Kwa ufupi, kile kilichokuwa kinanitokea mimi kwa mkosi, Ju Lian alikifanya kwa makusudi na akapata nacho wanafunzi. Nilirudi nyumbani nimetiwa moyo, nikawasha kiyoyozi nisitoke jasho, nikapaka petali, nikaandaa tone la maji. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mvua zianze: petali ilikuwa imeshakauka.

Mgeni aliyekuwa na akili katika mambo haya ni John Reeves, Mwingereza mkaguzi wa chai wa Kampuni ya East India, aliyefika hapa 1812 na kuondoka 1831. Alipenda mimea ya China kupita kiasi, lakini hakujisumbua kuichora. Aliwaajiri wachoraji wa Guangzhou, akawakalisha nyumbani kwake na kuwasimamia, na kazi zao hadi leo zimehifadhiwa London. Zaidi ya hapo, enzi zile msimu wa biashara ukiisha wageni walitakiwa kuondoka mjini waende Makau mpaka msimu mwingine. Wanahistoria wanaieleza kanuni hiyo kuwa ni ukali wa utawala wa Qing. Baada ya kupitisha Julai hapa na karatasi mkononi, mimi naiona kuwa ni huruma.

Siku moja nikapandisha michoro yangu kwenye stetasi ya WhatsApp, ili ndugu wajue sijapotea bure. Ndugu hawakusema kitu. Wateja ndio walioamka. "Kaka, hiyo ni shuka au pazia?" akauliza dada mmoja mwenye duka Kariakoo. "Dazeni bei gani?"

"Si shuka, dada yangu. Ni picha nimechora kwa mkono."

"Nimekuelewa. Kiwanda kipi?"

Tukazungushana hivyo mpaka nikaona njia fupi ni kumkubalia. Masoko ya vitambaa ya Zhongda yako wilaya hiyo hiyo ya Haizhu, na huko ukipeleka picha yoyote kuna mtu wa kuichapa. Dada aliikataa bogonvilia, akaikataa asumini, akachagua msanapichi kwa ajili ya madera. "Huo mchuruziko ndio unaotakiwa sasa," akasema. Nikamwambia tutamfuta mbu kwanza. Akaja juu: "Usimguse! Anafanya ua lionekane la kweli."

Mashine ikachapa ua langu marobota kwa marobota, na kitambaa kikatoka kimekauka, jambo ambalo mezani kwangu nililishuhudia mara moja tu kiangazi kizima. Kwa kazi hiyo nimelipwa asilimia yangu ya kawaida ya wakala. Mchoraji hakulipwa, maana kwenye ankara hakuna mstari wake.

Kwa hiyo wewe unayepanga kuja huku kati ya Mei na Septemba na boksi la rangi, sikiliza la mwenzio. Nunua karatasi iliyoiva, si mbichi. Kikombe cha brashi kiwe cha rangi kali na kikae mbali na chai. Nenda Bustani ya Manukato Kumi ukaone mtu aliyepatana na maji badala ya kugombana nayo. Na wewe uliyeko Dar es Salaam, ukinunua dera la maua ya msanapichi ukakuta mbu wa bawa moja karibu na kola, usilirudishe dukani. Si kasoro ya kiwanda. Huyo ndiye sehemu bora ya kazi yote.