Wazee wa Miaka Thelathini na Tatu

Kundi letu la WhatsApp, la tuliomaliza darasa la saba mwaka 1984, limekuwa matanga tangu mmoja atume wimbo wa kantri wa Kimarekani: “The Class of '57” wa Statler Brothers. Waimbaji wanawapitia waliosoma nao: huyu anauza magari yaliyotumika, yule anasuka watu nywele, maisha yamewageuka. Watu wazima wa Bariadi, waliolelewa na Jim Reeves redioni, wakajaza vikatuni vya machozi hadi simu yangu ikagoma.

Mimi nikapiga hesabu. Wimbo ulitoka 1972. Harold Reid, aliyeutunga pamoja na mdogo wake Don, alizaliwa 1939. Kwa hiyo mzee wetu huyu anayelilia ujana alikuwa na miaka 33! Hapa Bariadi mtu wa 33 anapanga foleni ya mkopo wa vijana halmashauri. (Na hao “ndugu” wanne, ndugu wa damu ni wawili tu, jina la Statler walilitoa kwenye boksi la karatasi za kufutia mafua. Angalau vya kufutia machozi walikuwa navyo.)

Sisi tulimaliza shule Bariadi ikiwa mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu wa sasa, Simiyu, umezaliwa 2012, nina mashati yanayouzidi umri. Kijana wa bodaboda pale stendi ananiamkia “Shikamoo babu”, halafu anapandisha nauli.

Na wa kwetu wanaimbika vizuri tu. Kiranja mkuu anapima pamba kwenye ushirika wa AMCOS, na wakulima anawaita kwa sauti ileile ya kuhesabu namba. Bingwa wa kutafuna michembe ya viazi darasani hana jino la kuitafunia. Binti aliyetugombanisha ana bajaji tatu na hamkumbuki hata mmoja wetu.

Habari hizi hakuna anayezitoa bure. Tunajuana kwa michango: harusi, msiba, operesheni ya ngiri. Jina likikaa na neno “ahadi” miezi mitatu, ujue mwenzetu mzima wa afya, anatukwepa tu.

Sasa wameamua nasi turekodi wimbo wetu. Mchango wa studio elfu ishirini kila kichwa, mwisho Ijumaa. Mweka hazina ni yule aliyekuwa akinakili hesabu kwangu, na ameshatangaza kwamba tumepungukiwa.