Boksi Halisemi Uongo

Tumpongeze ndugu yetu wa Kakese: kauza mpunga, kapanda bodaboda hadi Mpanda mjini, karudi na sabufa ya bei mbaya bila hata kuiwasha dukani. Kusikiliza ni ushamba. Boksi limeandikwa wati 10,000 PMPO, na boksi halisemi uongo. Kama fyuzi ya plagi ni ya ampea 3, isiyohimili hata wati 700 kwa umeme wetu wa volti 230, basi fyuzi ndiyo mbea. Taa zinameta rangi zote. Masikio yanataka nini tena?

Madalali wa mpunga, acheni ushamba wa kutafuna punje. Msimu ujao nunueni kwa kusoma maandishi ya gunia.