Utaridi Kahamishwa na Nani?

Wazee wetu wa Amu walijua sayari tano, na hawakumdai mtu ya sita: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Ukitia jua na mwezi zinakuwa saba, kila moja na siku yake ya kutawala. Utaridi alishika Jumatano, Zuhura Ijumaa, na Zohali, mwenye nuksi zake, Jumamosi. Mwalimu wa falaki alikuangalizia, ukajua siku ya kuoa na siku ya kushusha jahazi majini. Kama ilifaa au haikufaa, hilo wabishane wengine. Ninachosema ni kwamba kila mmoja alikuwa na kwake.

Sasa msikilizeni mjukuu wangu akidurusu mtihani: "Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi." Vitabu vya zamani kidogo humalizia na Utaridi, zikatimia tisa. Nikamwambia arudie. Akarudia vilevile, tena kwa mbwembwe.

Zebaki! Zebaki ni ile metali ya majimaji ya kwenye kipimajoto. Waingereza wanaiita metali hiyo na sayari ya kwanza kwa jina moja. Basi mfasiri wetu, nadhani, akafungua kamusi, akaokota jina la metali, akaenda zake kunywa chai. Utaridi, mwenye nyumba, akabaki nje na virago vyake. Na Sarateni ni kaa wa kwenye buruji, Kausi ni upinde wa hukohuko. Hao ni makundi ya nyota. Nani aliyewapa cheo cha sayari?

Najua mambo yalikoharibikia. William Herschel aliiona Uranus mwaka 1781, Neptune ikaonekana 1846, Pluto 1930, zote kwa darubini. Nahodha wa Pate hakuwa na majina yake kwa kuwa macho yake hayakufika huko, na si aibu. Tungesema tu Uranus na Neptune, maisha yakaendelea. Mbona televisheni tunaisema? La, ikawa kama mashua ya mwisho ya Mokowe: sogeeni, sogeeni, mwengine yuaya! Zohali akasukumwa hadi kwa Uranus. Utaridi, anayelizunguka jua kwa siku 88, mbio kuliko wote, akatupwa mkiani kwa Pluto, ambako mzunguko mmoja ni miaka 248. Sijui alimkosea nani.

Na mwezi nao hawakuuacha. Vijana wa Shela siku hizi wananitangazia "Mwezi wa Mbwa Mwitu" kila Januari na "Mwezi wa Stroberi" ikifika Juni, maana mgeni akisikia hivyo hukodi mashua akaupige picha. Mbwa mwitu wa Amu ni yupi? Sisi tuna punda. Stroberi yenyewe, kama umeiona hapa, umeiona kwenye mtindi wa dukani. Mwezi mpevu kwetu una kazi: baada yake huja bamvua, maji yakapanda mpaka kandokando ya maduka ya pwani, na aliyefunga mashua kwa kamba fupi akaja kulia mbele yetu. Lakini "Mwezi wa Bamvua" hakuna mgeni anayeulipia.

Kuhusu Utaridi nilimwandikia mwalimu, kwa adabu, kwamba huyo ndiye wa kwanza kutoka kwenye jua, amsahihishe mtoto. Akajibu siku hiyohiyo, naye kwa adabu:

"Shikamoo mzee. Utaridi ni Pluto, na Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari mwaka 2006. Hatuitahini tena."

Yaani wamemnyang'anya nyumba, wakamhamishia kwa mwenzake, kisha wakamfuta kazi kwa makosa ya huyo mwenzake! Nikamuuliza mjukuu ameandika nini kwenye mtihani. Aliandika Zebaki, akapata nane kwa nane.